Utando Unaolika: Ukiambiwa ni wa Mimea, Uliza ni Mmea Gani

Kifungashio kinacholiwa pamoja na chakula chake si ndoto tena. Mwaka 2019, wakimbiaji wa London Marathon walipewa kinywaji ndani ya vifuko vidogo vilivyotengenezwa kwa mwani. Aliyetaka alimeza pamoja na kifuko chake.

Utengenezaji wake hauko mbali na jiko la kwetu. Wanga wa muhogo hukorogwa na maji, hupashwa moto mpaka uwe kama uji, kisha humwagwa kwenye sinia na kukaushwa. Ukiachwa hivyo huvunjika kama kaukau, kwa hiyo huongezwa gliserini ili ulainike. Mwani wanaolima akina mama wa Unguja na Pemba hutoa karajini, nayo hufanya utando vilevile.

Ili utando uwe pia mlinzi wa chakula, watafiti huuchanganya na vitu kama mafuta ya karafuu. Yujenoli iliyomo huzuia ukungu na bakteria. Lakini mafuta yakizidi, chakula chote hunukia karafuu, na utando wa wanga ukipata maji hulegea.

Mimi ni muuguzi hapa Uingereza, na wasiwasi wangu uko kwenye neno "mimea". Ngano ni mmea, soya ni mmea, na protini zake hutumika kutengenezea tando hizi. Nyingine huchanganywa na kitosani, ambayo mara nyingi hutoka kwenye maganda ya kamba na kaa. Nimewahi kumhudumia mtoto mwenye mzio wa karanga aliyevimba midomo na kubanwa pumzi. Mama yake alisema, "Hakula, dada, alilamba kijiko tu." Kwa mwenye mzio, kulamba kunatosha.

Hapa sheria inataja vizio 14 ambavyo lazima vioneshwe wazi kwenye lebo ya chakula kilichofungashwa. Soma orodha ya viambato, usiishie kwenye maandishi makubwa ya mbele. Kisicho na lebo, muulize muuzaji kabla hujalipa. Bibi akija kutembea kutoka nyumbani, mweleze naye, maana ndiye atakayemlisha mjukuu ukiwa kazini.

Na utando si friji. Samaki na nyama, hata vikivishwa utando wa karafuu, bado mahali pake ni kwenye baridi.