Michembe Haina Aibu

Akina mama wenzangu, hapa Kiloleli tunapokutana baada ya ibada, kila mmoja huja na chakula alichopika nyumbani. Huyu huleta ugali wa mtama, yule mlenda, mwingine samaki. Tulikula kwa furaha mpaka pilau ilipoanza kuletwa. Hapo mashindano yakaingia, na wasio na mchele wakabaki nyumbani.

Jirani yangu mmoja hakuonekana miezi mitatu. Nilipomtembelea akaniambia, "Dada, mimi nina michembe tu."

Michembe tu! Hivyo viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa juani ndivyo vinavyotuvusha sisi Wasukuma miezi ya njaa. Ukivipika kwa karanga zilizotwangwa (zenye ukungu zitupe), mtoto anapata nguvu, mafuta na protini. Nikamsihi alete. Chungu chake kilikwisha kabla ya pilau, na mimi nilirudia mara mbili, sioni haya kusema.

Tena, nikisema kama muuguzi, pilau hiyo hunitia wasiwasi. Wali uliopikwa alfajiri ukaachwa upoe sufuriani hadi saa saba mchana huweza kufanya sumu ya kutapisha, na kuupasha moto hakuiondoi. Pikeni karibu na saa ya kula, au wekeni kwenye hotipoti ukiwa bado wa moto sana.

Safari ijayo jirani ameahidi matobolwa, yale yanayochemshwa kwanza ndipo yakatwe na kuanikwa. Nimeomba anitengee.