Titaniamu Iliyokandwa

Mtu akianguka na bodaboda, kidevu kikapiga lami, taya la chini huweza kuvunjika mahali pawili: penye pigo lenyewe, na karibu na sikio la upande wa pili. Katika hospitali zetu nyingi meno ya juu na ya chini bado hufungwa pamoja kwa waya, na mgonjwa hunywa uji kwa mrija wiki nne hadi sita. Penye vifaa, mfupa huungwa kwa vibamba vya titaniamu na skrubu, kinywa kikabaki huru.

Wagonjwa huuliza: kwa nini lisiwekwe bamba nene, lisilokunjika kabisa? Kwa sababu mfupa usiofanya kazi hudhoofika, kama mguu uliotoka kwenye plasta. Ukakamavu wa chuma cha pua ni takriban mara kumi ya ule wa mfupa. Wa titaniamu ni kama mara tano tu. Katika miaka ya 1970, Maxime Champy na wenzake huko Strasbourg walionyesha kwamba kibamba chembamba kinatosha, mradi kikae pale ambapo kutafuna huuvuta mfupa utengane.

Wembamba nao una gharama yake. Kunja waya, kunjua, kunja tena: utakatika mkononi. Taya hulifanyia bamba vivyo hivyo kila mlo. Kabla ya hapo daktari amekwisha kulikunja kwa koleo ili lifuate umbo la mfupa, akakosea, akalikunjua. Bamba likija kukatika, ufa mara nyingi huanzia kwenye tundu la skrubu. Mimi naliogopa koleo kuliko mahindi ya kuchoma.

Njia ya kawaida ya kuiongezea titaniamu nguvu ni kuichanganya na alumini na vanadi. Inafaa, ila vanadi ikivuja mwilini ina sumu, na bamba huenda likakaa humo maisha yote. Njia ya pili ni kuikanda. Ruslan Valiev na wenzake huko Ufa, Urusi, waliendeleza ufundi wa kusukuma fimbo ya metali ndani ya mfereji wenye kona kali: hutoka na unene uleule, ikasukumwa tena na tena. Ndani yake, fuwele husagika hadi zikawa ndogo kuliko elfu moja ya milimita.

Metali hukunjika pale matabaka ya atomu yanapoteleza ndani ya fuwele, na kila mpaka wa fuwele ni ukuta unaozuia mtelezo. Fuwele zikiwa ndogo, kuta huongezeka. Watafiti Hall na Petch waliliona hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950. Titaniamu tupu iliyokandwa hivi hukaribia nguvu maradufu, na ukakamavu wake haubadiliki sana, maana huo hutokana na jinsi atomu zilivyoshikana.

Adui yake ni moto. Joko la mvuke linalosafisha vifaa kwa nyuzi 134 haliidhuru, lakini ikipashwa mamia ya nyuzi zaidi, fuwele hukua upya. Ndipo penye kikwazo. Siku hizi bamba huweza kuchapwa kwa leza kwa kufuata picha za CT za mgonjwa, koleo lisiguswe. Lakini leza huyeyusha unga wa titaniamu, na kilichoyeyuka hakina tena kumbukumbu ya kukandwa. Anayetaka vyote viwili itambidi alichonge bamba kutoka kwenye fimbo, huku akilipoza muda wote.