Mshipa wa Ubongo Ukipasuka: Maumivu na Hasira Baada ya Kutoka Hospitali



Katika mikutano yetu ya Muyinga na Gitega tumeulizwa mara nyingi juu ya mwenzetu wa Buhinyuza aliyepasuka mshipa wa damu ndani ya kichwa. Alipasuliwa, akarudi nyumbani, na mpaka leo analalamika. Wengine wanasema anadeka. Wengine wanasema amezoea kula mchango wa wenzake. Tumeona ni lazima tueleze ugonjwa huo kwa lugha ya kawaida, kama waganga walivyotueleza sisi tuliosoma shule ya msingi tu, maana hata sisi viongozi wa chama hatukuuelewa, na kwa kutouelewa tulimkosea mwenzetu. Kosa hilo tutalisema huko mbele.

Kwanza, ugonjwa wenyewe. Damu hufika kwenye ubongo kwa kupita katika mishipa, na mishipa hiyo hugawanyika kama matawi. Pale inapogawanyika, pengine ukuta wake huwa dhaifu. Kila mwenye baiskeli anaujua mpira wa ndani uliochoka: ukijaza upepo, pale palipochoka panatuna kama kitunguu. Unaweza kubeba mikungu yako ya ndizi siku nyingi juu ya mpira wa namna hiyo bila habari. Mshipa nao hutuna vivyo hivyo, na waganga wa kwetu wanakuita kutuna huko anevrizimu. Inakadiriwa kwamba watu wazima kama 3 katika kila 100 wanayo, na wengi wao watazeeka na kufa kwa sababu nyingine bila kujua kama waliwahi kuwa nayo. Balaa ni siku inapopasuka. Damu humwagika kuuzunguka ubongo, na fuvu si tumbo, haliwezi kutanuka.

Yanayoongeza hatari yanajulikana: presha ya damu iliyopanda na isiyotibiwa, sigara na tumbaku, pombe nyingi, na kuzaliwa katika ukoo wenye ugonjwa huo. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Kubeba gunia hakuleti uvimbe, ingawa saa ya kukaza nguvu inaweza kuwa ndiyo saa ya kupasuka. Kurogwa hakumo katika hesabu hii, na tunasema hivyo kwa sababu mwenzetu alipoanguka majirani walitaja majina ya watu, na jambo hilo karibu lilete ugomvi mlimani.

Dalili yake kubwa ni kichwa kuuma ghafla, si polepole. Mtu yuko mzima, na kufumba na kufumbua anapata maumivu ambayo hajawahi kuyapata maishani, kama amepigwa nyundo. Shingo inakakamaa, anatapika, mwanga unamuumiza macho, pengine anazimia au kupata degedege. Mwenzetu alipatwa mwezi wa Februari, kituo cha kuosha kahawa kikisafishwa kungojea mavuno. Walimpa dawa ya malaria. Hatuwalaumu sana waliofanya hivyo, kwa kuwa kwetu kila kichwa kinachouma huitwa malaria, na mwaka 2017 serikali yenyewe ilitangaza malaria kuwa janga la nchi nzima. Lakini siku mbili zilipotea, na katika ugonjwa huu wengi hufa kabla ya kufika kwa daktari anayeweza kuwasaidia. Aliokoka kwa sababu mkewe alikataa kukubali. Alisema, “Malaria naijua, hii siyo,” akatafuta gari.

Juu ya matibabu hatutasema mengi, ni kazi ya mabingwa. Njia ya zamani ni kufungua fuvu na kukibana kile kitunguu kwa kibanio kidogo cha madini. Aliyeifanya kwanza ni Walter Dandy, huko Baltimore, Marekani, mwaka 1937. Njia ya pili ni kupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye mshipa wa paja mpaka kichwani na kujaza uvimbe kwa nyuzi laini za platini. Hiyo ilianza California mwaka 1990 kwa daktari Mwitaliano, Guido Guglielmi. Wenzetu wa Burundi wengi hulazimika kuvuka mpaka kutafuta huduma hiyo, na ndivyo ilivyokuwa kwa huyu. Michango ya wafanyakazi, ya msikiti na ya kanisa ndiyo iliyomsafirisha.

Sasa tufike pale watu wanapokosea. Watu wanadhani mgonjwa akitoka hospitali amekwisha pona, hasa akiwa anatembea, anasalimia, na nywele zimefunika kovu. Aliyevunjika mguu ana gongo, kila mtu anamwona na kumpisha. Aliyeumia ubongo hana gongo.

Maumivu yanayobaki yana sababu zake. Damu iliyomwagika inawasha utando unaozunguka ubongo, na mwili unachukua majuma mengi kuisafisha. Kwa aliyefunguliwa fuvu, mfupa uliokatwa unahitaji miezi kuunga, na misuli ya kando ya kichwa iliyokatwa inauma kila anapotafuna. Mwenzetu alikuwa analia kwa kula mahindi ya kuchoma, watoto wakamcheka, hawakujua. Maumivu ya namna hii hupungua, lakini kwa wengine huja na kuondoka kwa mwaka mzima au zaidi.

Kuna na uchovu. Si ule wa jioni baada ya kulima. Huu unakuja saa nne asubuhi baada ya kuoga, kuvaa na kuongea na wageni wawili. Ubongo uliojeruhiwa unatumia nguvu nyingi kwa kazi ambazo zamani ulizifanya bila kufikiri. Kelele zinaingia zote pamoja, usipate kuchagua ya kusikiliza. Majina yanapotea mdomoni. Na hapo ndipo hasira inapozaliwa. Mtu aliyekuwa anapima tani za kahawa na kuweka hesabu kichwani, leo anatumwa chumvi dukani anasahau alichotumwa. Anamfokea mke, anapiga mtoto, kisha anajificha nyuma ya nyumba kulia. Waganga walitueleza kwamba hasira na majonzi haya si tabia mbaya iliyokuwa imejificha. Ni sehemu ya jeraha, na ni sehemu ya msiba wa mtu anayejililia mwenyewe akiwa hai.

Hapo ndipo tulipokosea sisi. Mwenzetu alikuwa amerudi mwezi wa Aprili. Tarehe 1 Mei tukaandaa sikukuu ya wafanyakazi, tukamleta kwa furaha, tukamkalisha mbele kabisa, kipaza sauti upande mmoja na ngoma upande wa pili, jua la saa sita. Tulidhani tunampa heshima. Baada ya nusu saa akasimama, akasukuma kiti, akatukana mbele ya wageni. Tukamwita kwenye kamati juma lililofuata tukamwonya, kama mtu mlevi. Alikaa kimya. Usiku ule alimwambia mkewe kwamba ingekuwa afadhali wangemzika mwezi wa Februari. Mkewe ndiye aliyetuletea habari hiyo, na hatukuwa na la kumjibu. Tulikwenda kumwomba radhi, wote watatu tuliokaa katika kamati.

Baadaye tulisoma kwamba si yeye peke yake. Emilia Clarke, mwigizaji wa sinema wa Uingereza, alipasuka mshipa mwaka 2011 akiwa na miaka 24. Mwaka 2019 alieleza hadharani kwamba kwa siku kadhaa alishindwa kutaja jina lake mwenyewe, na kwamba katika saa zile mbaya aliwaomba wauguzi wamwache afe. Alirudi kazini. Basi mgonjwa akisema maneno kama hayo, asikemewe kwamba anamkufuru Mungu. Asikilizwe, asiachwe peke yake, na daktari aambiwe, kwa kuwa majonzi ya namna hiyo yana matibabu.

Haya ndiyo tuliyoona yanamsaidia, tukilinganisha na tuliyoambiwa na waganga.

La kwanza ni daftari. Daftari la shule la kawaida, kila siku mistari miwili: kichwa kimeuma saa ngapi, kwa nguvu gani kutoka 1 hadi 10, alilala vipi, alikula nini, alimeza dawa gani. Baada ya mwezi mmoja ilionekana wazi kwamba siku mbaya zilifuata usiku wa kutolala na siku za kukaa bila kunywa maji. Kabla ya hapo yeye aliamini maumivu yanamjia tu kama mwizi. Alipoona yana njia yao, hofu ilipungua, na kusema kweli hofu ilikuwa nusu ya ugonjwa. Kila kichwa kilipogonga alidhani mshipa unapasuka tena.

La pili ni dawa za kutuliza. Hapa watu wetu wanajiumiza sana. Vidonge vinauzwa kimoja kimoja dukani pamoja na sabuni, na mtu anameza kila akijisikia. Parasetamoli ya miligramu 500, mtu mzima asizidishe vidonge 8 kwa saa 24, na mwenye ini bovu au mnywaji asifike huko. Lakini hata kwa kipimo halali, dawa za kutuliza zikimezwa zaidi ya siku 10 hadi 15 kwa mwezi, miezi mfululizo, zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa, na mgonjwa anaongeza nyingine. Aspirini na ibuprofeni zisimezwe bila ruhusa ya daktari aliyemtibu, maana zinagusa damu au presha. Dawa ya presha na ya degedege zisikatwe hata siku moja kwa sababu “leo najisikia vizuri.” Urwarwa uache, hata ule wa kuonja tu msibani. Sigara nayo iache kabisa.

La tatu ni kupima nguvu kama unavyopima mshahara. Ukitumia zote tarehe 2, mwezi ni mrefu. Siku ya nafuu ndiyo ya hatari zaidi, kwa kuwa mgonjwa anataka kulipia siku zote alizolala: analima, anachota maji, anatembelea watu, kisha analala siku tatu. Apumzike kabla ya kuchoka, robo saa gizani, hata kama anaona hana haja. Kazi igawanywe vipande vidogo. Kwa shamba lake majirani walifanya ikibiri, wakamlimia maharage yote, na yeye akapewa kazi ya kuketi na kuhesabu mbegu. Tulifikiri ni mchezo. Kumbe kuhesabu kule kulikuwa kunamrudishia kichwa.

La nne ni nyumba. Mke wake alipanga neno moja na watoto: baba akisema “giza,” wote wanatoka nje, hakuna kuuliza. Hasira ikipanda anasema neno hilo badala ya kufoka. Wageni waje wawili, wasije kumi. Na huyo mke naye apewe siku ya kupumzika, maana tulisahau kabisa kwamba naye alikuwa anachoka.

Lakini asipuuzwe. Maumivu mapya ya ghafla kama yale ya kwanza, kutapika bila kukoma, usingizi mzito usio wa kawaida, kuona vitu viwili viwili, mkono au mguu kulegea, degedege, homa pamoja na shingo ngumu, au mwendo kuharibika na mkojo kutoka bila kujijua: yoyote kati ya hayo ni hospitali siku ile ile. Pengine maji ya ubongo yameziba njia, na hilo hutibiwa kwa kuwekewa mrija.

Sasa neno la kazi. Mwajiri alimtaka arudi mwishoni mwa Aprili, apange magunia kama zamani, au barua ya kuachishwa iandikwe. Hatutaji jina, mazungumzo yalikwisha vizuri. Tulimpelekea mfano mmoja. Mwaka 1988, Joe Biden, seneta wa Marekani aliyekuja kuwa rais mwaka 2021 hadi 2025, alipatwa na ugonjwa huu huu, na yeye pia ni Februari. Alipasuliwa mara mbili, akarudi katika Baraza la Seneti Septemba, baada ya miezi 7. Tukauliza: ikiwa seneta mwenye hospitali bora na kiti cha kukalia alihitaji miezi 7, mpanga magunia wa Buhinyuza ahitaji siku ngapi? Mwajiri alicheka, kisha akakubali tukae mezani.

Wanachama wajue haki zao. Sheria ya kazi tunayoifuata ni ile ya tarehe 24 Novemba 2020. Cheti cha daktari kiandikwe, kiwekwe nakala, na kifike kwa mwajiri kwa maandishi, si kwa mdomo. INSS inashughulika na pensheni, na ajali na magonjwa yatokanayo na kazi. Hailipi mshahara wa ugonjwa wa kawaida, lakini mwanachama wake aliyebaki na ulemavu wa kumzuia kufanya kazi anaweza kuomba pensheni ya ulemavu, ikiwa michango yake inatosha masharti. Kwa hiyo kila mmoja aulize leo kama mwajiri wake anampelekea michango hiyo, asingoje kuanguka. Wafanyakazi wa serikali wana Mutuelle yao. Vibarua wa msimu wa kahawa hawana karibu chochote, na hilo tutalipeleka mkutano ujao.

Makubaliano yalikuwa hivi: anafanya kazi asubuhi tu, saa mbili mpaka saa tano, kwenye mizani, mbali na mashine ya kumenya kahawa, akiwa na karani mmoja wa kuhakiki namba. Saa ziongezwe kila baada ya miezi miwili daktari akiruhusu. Sasa anafika mpaka saa saba. Daftari bado analo. Alitufungulia wenyewe: mwezi wa kwanza kazini maumivu makali yalikuja siku 19, mwezi uliopita yalikuja siku 4, na katika moja ya siku hizo nne alikuwa ameacha kunywa maji, ameandika mwenyewe pembeni kwa kalamu nyekundu.