Cheche za Grinda, Chenga za Televisheni

Jumamosi ni siku ya mpira kwa wengi, lakini kwa fundi wa mageti ni siku ya kazi kama nyingine. Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam karakana na sebule zimepakana ukuta kwa ukuta. Grinda ikianza kula chuma, picha kwa jirani inaganda, inakatika miraba miraba, na sauti ya mtangazaji inakwama. Grinda ikizimwa, kila kitu kinarudi. Hapo maneno huanza: huyu anasema fundi anamaliza umeme, yule analaumu king'amuzi, mwingine anataka karakana ihamishwe.

Chanzo ni cheche. Grinda, drili na randa nyingi za mkono za kuchomeka kwenye soketi zina mota yenye kaboni mbili, zinazosugua shaba inayozunguka ili kupitisha umeme. Grinda ndogo huweza kuzunguka mara 11,000 kwa dakika, na kaboni inapohama kutoka kipande kimoja cha shaba kwenda kingine, cheche huruka. Chungulia kwenye matundu yake ya hewa wakati inafanya kazi, utaona mwanga wa buluu ukimemeta ndani.

Kila cheche hutoa mawimbi ya redio. Mjerumani Heinrich Hertz aliyathibitisha mawimbi hayo mwishoni mwa miaka ya 1880 kwa kutumia cheche, na Marconi naye alianza kutuma ujumbe bila waya kwa cheche hizohizo. Kwa hiyo grinda ni kituo cha redio kisicho na leseni, kinachorusha kelele kwenye masafa mengi kwa mpigo. Kelele hiyo hufika kwa jirani kwa njia mbili: hewani hadi kwenye antena, na kupitia nyaya za umeme hadi kwenye soketi ya televisheni.

Enzi za analojia kelele ilionekana kama chenga na mistari. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Desemba 31, 2012, ikianzia Dar es Salaam, na Kenya ikafuata mwaka 2015. Chenga zikatoweka, kelele ikabaki. Dijitali hurekebisha yenyewe makosa madogo, ila yakizidi uwezo wake, picha huganda au hupotea kabisa. Ndiyo maana mwenye antena nzuri juu ya paa anaweza asione tatizo lolote, huku jirani yake mwenye antena ndogo juu ya kabati akiteseka.

Mashine ya kuchomelea inaweza kuleta kesi ya pili. Huvuta umeme mwingi kwa ghafla, volti zikashuka, na king'amuzi kikajizima na kuwaka upya. Antena mpya haiwezi kuponya hilo. Fundi anahitaji laini ya umeme inayobeba mzigo wake. Namna ya kutofautisha ni rahisi: taa zikififia, shaka volti, taa zikitulia lakini picha ikaganda, shaka cheche.

Wakati mwingine televisheni yenyewe ndiyo mkosaji. Katika kijiji cha Aberhosan, Wales, intaneti ilikuwa ikisumbua kila asubuhi kwa miezi 18. Nyaya zilibadilishwa bila mafanikio. Mwaka 2020 mafundi walizunguka alfajiri kwenye mvua wakiwa na kipimo, wakagundua kuwa saa 1:00 asubuhi mkazi mmoja huwasha televisheni yake kuukuu. Alipoacha kuitumia, tatizo likaisha. Huku kwetu, redio ndogo ya betri iliyowekwa kwenye masafa ya kati inaweza kufanya kazi hiyo: ukikaribia chanzo, mkwaruzo huongezeka.

Dawa ipo pande zote mbili. Kamati ya kimataifa ya CISPR, iliyoundwa mwaka 1934, imeweka viwango vya kelele kwa zana za umeme, na grinda nyingi zilizotengenezwa kufuata viwango hivyo huwa na kapasita ya kupunguza kelele ndani yake. Fundi anayekarabati grinda akaiondoa kapasita hiyo na kuunga waya moja kwa moja, ataiona grinda ikizunguka vizuri, lakini kelele itatoka yote. Kaboni zilizolika nazo huongeza cheche, basi zibadilishwe mapema.

Mtazamaji naye apandishe antena nje, aielekeze kwenye mnara wa matangazo, aiweke mbali na karakana, na atumie waya mzima usio na viungio. Yote yakishindikana, apeleke malalamiko kwa wasimamizi wa masafa nchini, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Kabla ya kupelekana kwa mwenyekiti wa mtaa, majirani wakae wachunguze grinda na antena pamoja. Kaboni mbili mpya ni rahisi kuliko king'amuzi kipya, na ni rahisi mno kuliko kumhamisha fundi anayekutengenezea geti.