Mshubiri wa Chunguni na Unyevu wa Hewa

Mshubiri huweka akiba ya maji katika majani yake manene, nao hufungua vitundu vya majani hayo usiku, jua lisipokuwapo, ili usikauke. Kwa hiyo hewa kavu ya Garissa haiudhuru. Taabu iko Mombasa wakati wa masika: udongo wa chungu hukawia kukauka, na mizizi huoza. Kuyanyunyizia majani maji, kama wafanyavyo wengine, ni kuuzidishia taabu hiyo. Yafaa chungu chenye tundu chini, udongo wenye mchanga mwingi, na mahali dirishani panapopita upepo. Usitiwe maji mpaka udongo ukauke kabisa. Shina likilainika na kuwa jeusi, chipukizi lililo zima likatwe, liachwe kivulini siku chache mpaka kidonda kikauke, ndipo lipandwe katika udongo mpya.