Elimu ya Mbali Katika Ituri (Sehemu ya Pili): Kitabu cha Mwongozo Kimjibu Nini Mwanafunzi?

Juma lililopita tulieleza namna ya kutambua chuo cha elimu ya mbali kinachostahili kuaminiwa. Leo tutazame kitu ambacho chuo hicho kinapaswa kukutia mkononi siku unapoandikishwa, yaani kitabu cha mwongozo cha mwanafunzi.

Anayesoma hapa mjini, kwenye Chuo Kikuu cha Bunia, Chuo Kikuu Shalom au chuo cha ualimu cha ISP, akikwama huenda kwa apariteri, yaani karani wa wanafunzi, au humsubiri profesa nje ya ukumbi. Mwalimu wa shule ya msingi aliye Aru, au muuguzi wa Mambasa anayesoma baada ya zamu, hana mlango wa kusubiria. Swali humjia usiku, mega za intaneti zimekwisha kwenye simu, na kilicho karibu naye ni kitabu hicho tu. Ndiyo maana nasikitika kuona vitabu vingi vya namna hii vikianza kwa salamu ndefu za mkuu wa chuo, vikaendelea na historia na picha za majengo ambayo mwanafunzi hatayakanyaga, kisha vikamalizia kwa kurasa za adhabu. Vimeandikwa ili kukilinda chuo. Mwanafunzi hakufikiriwa.

Kusoma ukiwa mbali na mwalimu si jambo geni Afrika. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, na kina vituo vyake mikoani. Makanisa nayo yana mazoea ya TEE, yaani mafunzo ya theolojia kwa njia ya mbali, mpango ulioanzia Guatemala mwaka 1963 na kuenea hadi Afrika: mchungaji haondolewi kwenye usharika wake, anasoma kitabu nyumbani, kisha anakutana na mwalimu na wenzake kwa siku iliyopangwa. Katika mipango hiyo yote karatasi ndiyo iliyobeba mzigo wa kufundisha. Intaneti imeongeza kasi, lakini haijaiondolea karatasi kazi yake, hasa kwetu ambako mtandao huweza kukatika ghafla.

Basi ukurasa wa kwanza uwe wa watu. Nani anashughulikia uandikishaji, nani malipo, nani pointi, nani mitihani. Namba ya simu na ya WhatsApp ya ofisi. Saa za kupokea simu. Na siku ambazo jibu litachukua. Pasipo hiyo ahadi ya siku, mwanafunzi hajui kama avumilie au apige tena.

Ratiba nayo iandikwe kwa saa za Bunia. Hili laonekana dogo, lakini chuo kikiwa Kampala au Dar es Salaam, mtihani wa 09:00 huko ni 08:00 kwetu, na anayefuata saa ya ukutani kwake atafungua kompyuta wenzake wamekwisha kuandika kwa saa nzima.

Kisha kitabu kimweleze mwanafunzi uzito wa masomo kwa hesabu anayoweza kuifanya mwenyewe. Katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari), mwaka mmoja una krediti 60 na lisansi nzima 180. Kwa hesabu ya Kongo, krediti moja ni saa 25 za kazi, ukijumlisha kusoma, mazoezi na mitihani. Somo la krediti 4 basi linadai saa 100. Mwenye uwezo wa kutenga saa kumi kwa juma atalimaliza kwa majuma kumi, akisoma hilo peke yake. Mwonyeshe mama mwenye duka na watoto hesabu hiyo kabla hajalipa, ili achague masomo mawili badala ya sita. Naamini wengi wanaoacha katikati hawakushindwa na akili. Hakuna aliyewaambia mapema saa zenyewe zitatoka wapi.

Kuhusu majina, niruhusuni nikae kidogo. Mkongomani ana jina, postinomu na prenomu, kwa mpangilio huo. Fomu za vyuo vya nje huuliza jina la kwanza na la mwisho. Mmoja huanza na prenomu, mwingine huacha postinomu, na mwishoni diploma hutoka na jina lisilolingana na Diploma ya Serikali wala kadi ya mpigakura. Kulisahihisha ni safari na gharama. Mfano mmoja wa fomu iliyojazwa, ukichapishwa kitabuni, ungeondoa taabu hiyo yote.

Malipo yatajwe yote mahali pamoja, pamoja na ada ya mtihani na ya diploma. Kama bei ni ya dola, kitabu kiseme anayelipa kwa faranga atahesabiwa kwa kiwango cha siku gani, na kimkumbushe kupiga picha bordero ya benki au kutunza ujumbe wa M-Pesa. Kwa kazi za nyumbani, kieleze faili lipewe jina gani, litumwe wapi, na mwanafunzi apate nini kama ushahidi kwamba limepokelewa. Wizi wa maandishi ya wengine usikatazwe kwa maneno matupu: zichapishwe aya mbili, moja iliyonakiliwa na nyingine iliyotaja chanzo, msomaji aone tofauti kwa macho yake.

Sura inayokosekana mara nyingi ndiyo tunayoihitaji kuliko zote. Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi kwa sababu ya vita. Barabara ya Komanda au ya Mahagi inaweza kufungwa asubuhi ya mtihani. Familia za Djugu zimekimbia zikiacha vitabu na vyeti nyumbani. Kitabu kiseme wazi: ukishindwa kufika kwa sababu ya usalama, toa taarifa kwa nani, ndani ya siku ngapi, na utafanya mtihani lini bila kulipa tena. Kiseme kwamba namba ya uandikishaji inakufuata hata ukihamia kambi ya wakimbizi, na kwamba chuo kinahifadhi nakala za vyeti vyako. Mwanafunzi aliyepoteza nyumba asiombe huruma ya karani. Awe na ukurasa wa kuonyesha kuwa ni haki yake.

Kitabu cha chuo cha hapa Kongo chaweza kuwa cha Kifaransa, maana mitihani yake ni ya Kifaransa, lakini kurasa za malipo, tarehe na rufaa ziwe na Kiswahili pia, kwa kuwa mara nyingi anayelipa ni mzazi au mume asiyesoma Kifaransa.

Wakuu wa vyuo, kabla hamjapeleka rasimu kwa mchapaji, wapeni wanafunzi wawili, mmoja wa Aru na mmoja wa Kasenyi, pamoja na maswali kumi ya kweli kutoka kwenye simu mnazopokea. Swali ambalo hawakuliona jibu lake kwa haraka, ukurasa wake uandikwe upya.

Juma lijalo: vituo vya kukutania na kazi ya msimamizi wa kituo.