Diski Inapokataa Kuonekana: Tuhakiki Kabla ya Kulaumu

Kijana anayependa ufundi wa kompyuta siku hizi halazimiki kusubiri mpaka aajiriwe ndipo ajifunze. Kwa akiba ya miezi kadhaa na msaada wa wazazi, hununua kasha mahali pamoja, ubao mkuu wa saketi mahali pengine, pawa saplai kwa muuzaji wa tatu, kisha huketi sebuleni na bisibisi yake akaviunga vyote mpaka vikawa chombo kimoja. Ni kazi ya kheri. Familia hupata kompyuta kwa gharama inayohimilika, na kijana hupata elimu ambayo hakuna atakayemnyang'anya.

Hata hivyo, ipo siku ambayo wajenzi wengi wa kompyuta za nyumbani huifikia. Diski imefungwa, umeme umewashwa, feni zinazunguka, lakini kompyuta inadai kwamba hakuna diski. Hapo ndipo maneno huanza. Baba humshuku muuzaji kuwa tapeli, muuzaji humshuku kijana kuwa ameiunguza, na kijana, kwa fadhaa, hubonyeza kila kitufe kinachojitokeza mbele yake. Katika purukushani hiyo mambo matatu huwa hatarini: fedha ya familia, heshima ya mtu ambaye pengine hana kosa, na, ikiwa diski ni ya zamani, kumbukumbu zilizomo. Picha za wazee waliotangulia mbele ya haki, darsa zilizorekodiwa, hesabu za duka na orodha ya madeni vyote vyaweza kupotea kwa kubonyeza mara moja.

Surat Al-Hujurat inatufundisha, katika aya ya 6, kuhakiki habari kabla ya kuifanyia kazi, na katika aya ya 12, kujiepusha na dhana nyingi. Adabu hiyo hiyo ndiyo msingi wa ufundi mwema. Fundi mzuri hatangulizi hukumu. Huuliza, hupima, kisha husema.

UMBO MOJA, LUGHA MBILI

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba si kila diski isiyoonekana ni mbovu. Yawezekana ni nzima kabisa, ila haikuoana na ubao ulioipokea.

Kompyuta za nyumbani zimepitia njia kuu tatu za kuunga diski. Ya kwanza ni IDE, yenye waya mpana na bapa wa pini 40. Katika njia hii diski mbili zaweza kutumia waya mmoja, na kijipande kidogo kiitwacho jampa huamua ipi iwe kuu na ipi iwe ya pili. Zikiwekwa zote kuwa kuu, huenda isionekane hata moja. Ya pili ni SATA, iliyoingia sokoni mwaka 2003, yenye waya mwembamba wa pini 7 kwa ajili ya data na mwingine wa pini 15 kwa ajili ya umeme. Ya tatu ni NVMe, ambayo hupitisha data katika njia za kasi za PCI Express.

Wengi huteleza katika diski ndogo bapa iitwayo M.2, yenye upana wa milimita 22 na, mara nyingi, urefu wa milimita 80. M.2 ni jina la umbo, wala si jina la lugha. Ndani ya umbo hilo hilo zimo diski zinazozungumza SATA na diski zinazozungumza NVMe. Nafasi iliyopo kwenye ubao huenda ikaelewa lugha zote mbili, au moja tu. Ni mfano wa watu wawili waliovaa kanzu za mshono mmoja, huyu akisema Kiarabu na yule Kihindi. Mavazi hayatawafanya waelewane.

Alama ya kuanzia ni pengo lililokatwa kwenye meno ya diski. Aghalabu M.2 ya SATA ina mapengo mawili, na ya NVMe ina pengo moja. Lakini zipo NVMe zenye mapengo mawili, kwa hiyo alama hii si hoja ya kukata shauri. Hoja ni maandishi ya lebo ya diski na kijitabu cha ubao. Tofauti ya mwendo nayo ni kubwa: SATA hufikia takriban megabaiti 550 kwa sekunde, ilhali NVMe za kizazi cha tatu cha PCI Express hukaribia 3,500.

INAPOTEA WAPI?

Kabla ya kufungua kasha, kompyuta izimwe, waya wa umeme uchomolewe ukutani, na mkono uguse chuma tupu cha kasha ili umeme tuli wa mwilini uondoke. Baada ya kukagua viungo, iwashwe tena na kuingia katika mipangilio ya ubao, yaani BIOS, kwa kubonyeza Delete au F2 mara tu inapoanza.

Humo tunauliza swali moja: je, ubao unaiona diski? Tuangalie orodha ya vifaa vya kuhifadhia, tusiishie kwenye orodha ya kuwashia. Diski mpya iliyo tupu huenda isitajwe katika orodha ya kuwashia kwa kuwa haina mfumo wowote ndani yake, na hilo si kasoro. Jibu la swali hili hugawa kazi yote mafungu mawili. Ikiwa ubao hauioni, tatizo liko kwenye waya, umeme, nafasi au kuoana. Ikiwa unaiona, tatizo liko kwenye programu, na bisibisi yaweza kuwekwa kando.

IKIWA UBAO HAUIONI

Tuanze na vilivyo rahisi. Tubadilishe waya wa data, kisha tundu kwenye ubao. Diski ya sahani zinazozunguka hutoa mtikisiko mdogo inapopata umeme. Tukiigusa ubavuni tukaona imetulia kabisa, huenda umeme haufiki.

Pili, tusome kijitabu cha ubao. Katika mbao nyingi, nafasi ya M.2 na matundu fulani ya SATA hutumia njia moja. Ukiweka diski katika M.2, tundu moja au mawili ya SATA huzimika. Mtu huongeza diski mpya, ya zamani ikatoweka, naye akadhani ya mwanzo imekufa siku hiyo hiyo. Dawa ni kuhamishia waya kwenye tundu jingine.

Tatu, lipo jambo ambalo hata mafundi wazoefu huwapita. Baadhi ya diski kubwa za SATA, hasa zilizotengenezwa kwa ajili ya seva au zilizotolewa ndani ya makasha ya USB, huitumia pini ya 3 ya umeme kama amri ya kuzimika. Pawa saplai inayopeleka volti 3.3 katika pini hiyo huiamuru diski ilale, nayo hutii. Diski ni nzima na pawa saplai ni nzima, ila amri ya mmoja ni katazo kwa mwingine. Adapta inayochukua umeme kutoka kiungo cha zamani cha pini 4, ambacho hakina volti 3.3, huondoa tatizo.

Nne, tuijaribu diski hiyo katika kompyuta nyingine tunayojua kuwa inaipokea aina yake. Ikionekana huko, tumekwisha kujua kwamba haijafa.

Onyo moja ni la lazima. Pawa saplai zenye nyaya za kuchomoa hazibadilishani nyaya ovyo. Kiungo cha upande wa pawa saplai chaweza kufanana kwa umbo na mpangilio wa umeme ukawa tofauti kabisa. Waya wa chapa moja ukichomekwa katika pawa saplai ya chapa nyingine waweza kuiunguza diski papo hapo. Kila pawa saplai itumie nyaya zilizokuja nayo.

IKIWA UBAO UNAIONA LAKINI WINDOWS HAIIONI

Diski mpya huja tupu, bila mgawanyo na bila herufi. Haitatokea pamoja na diski nyingine mpaka ifunguliwe katika sehemu ya Windows iitwayo Disk Management, iandaliwe na kupewa herufi. Hapo tutaulizwa tuchague kati ya MBR na GPT. Kwa diski inayozidi terabaiti 2 tuchague GPT, kwa sababu MBR haiwezi kuhesabu nafasi iliyo juu ya kiwango hicho.

Lakini ikiwa diski ni ya zamani na ina kumbukumbu, Windows ikapendekeza kuiandaa upya au kuifomati, jibu ni hapana. Huenda ilitumika katika Linux au Mac, ambazo mpangilio wake Windows haiusomi, na haitoshi kuwa hausomeki kwetu ndipo tuseme haupo. Tuipeleke kwanza kwenye mfumo unaouelewa, tunakili kilichomo, ndipo mengine yafuate. Na diski inayotoa mlio wa kugonga-gonga izimwe mara moja. Kila dakika inayoendelea kuwaka yaweza kupunguza kinachookoka.

Hali nyingine hutokea wakati wa kusakinisha Windows. Katika kompyuta nyingi zenye prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 11, diski ya NVMe huonekana kwenye BIOS lakini kisakinishi kikasema hakuna diski. Mara nyingi sababu ni mpangilio uitwao VMD. Ama uzimwe katika BIOS kabla ya kusakinisha, ama draiva yake iwekwe kwenye USB na kupakiwa kisakinishi kinapoiomba. Asiyejua hili huweza kurudisha dukani diski isiyo na dosari.

Mwisho, mbao nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2014 hazijui kuanzisha kompyuta kutoka NVMe, hata diski ikichomekwa kwa adapta. Diski hiyo yafaa kuhifadhia mafaili, ila mfumo wenyewe ubaki kwenye diski ya SATA.

HAKI YA MUUZAJI NA HAKI YA MNUNUZI

Baada ya kuhakiki, sasa twaweza kusema nani ana haki gani. Wanavyuoni wa fiqhi wameeleza khiyari ya aibu: mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwamo kabla ya kukabidhiwa bidhaa, naye hakuijua, ana haki ya kuirudisha. Diski iliyokufa huingia hapa. Lakini diski nzima ya SATA iliyotiwa mahali panapotaka NVMe haina aibu yoyote. Kilichokosewa ni chaguo. Hali hubadilika ikiwa mnunuzi aliutaja ubao wake na muuzaji akamhakikishia kwamba vitaoana, kwani hapo maneno ya muuzaji yamekuwa sehemu ya mauzo.

Njia ya salama ni kuweka khiyari ya sharti tangu mwanzo: wawili wakubaliane kwamba mnunuzi anaweza kurudisha ndani ya muda uliotajwa. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yafuatwayo na wengi wetu katika mwambao huu, muda huo hauzidi siku tatu, nazo zatosha kabisa kuijaribu diski. Iandikwe kwenye risiti, pamoja na jina la ubao.

Kwa wauzaji, tukumbuke kisa kilichomo katika Sahihi Muslim, pale Mtume (SAW) alipoingiza mkono katika lundo la chakula sokoni, vidole vikakuta unyevu. Alimtaka mwenye mali aiweke juu ile iliyolowa ili watu waione, na akajitenga na mwenye kughushi. Diski iliyotumika nayo ina unyevu wake wa ndani: programu ndogo kama CrystalDiskInfo huonyesha saa ilizofanya kazi na dalili za kuchakaa. Muuzaji mwaminifu aionyeshe taarifa hiyo kabla hajaulizwa. Na anayekubali kurudishiwa na mnunuzi aliyejuta, ingawa halazimiki, ana bishara njema katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud.

Katika vipimo pia tuwe waadilifu. Diski ya gigabaiti 500 ikionyesha 465 katika Windows, hakuna aliyeiba. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024. Wizi ni ile diski ya USB inayodai terabaiti nyingi kwa bei ya kutupa, ambayo imepangwa kutaja ukubwa isio nao. Hupokea mafaili yote kwa upole, kisha yaliyozidi hayapatikani tena. Programu ya H2testw, au F3 kwa watumiaji wa Linux na Mac, huijaza diski ikiwa tupu na kuisoma tena. Uongo ukiwamo, hudhihirika.

AMANA ILIYOMO NDANI

Diski hununulika tena, kilichomo hakinunuliki. Orodha ya madeni aliyoiandika baba ni haki za watu, na warithi wataihitaji kabla ya kugawana chochote. Kwa hiyo, kabla kijana hajagusa skrubu hata moja, nakala ya kumbukumbu muhimu iwe imekwisha kuwekwa kwenye diski nyingine, na orodha ya madeni ichapishwe na kutunzwa pamoja na wasia. Nakala iliyomo ndani ya kasha lile lile haitoshi, kwa kuwa radi au mwizi havichagui diski moja na kuacha nyingine.

Mzazi asiyejua kompyuta naye ana nafasi yake katika kazi hii. Amketishe kijana, amwulize swali moja tu: je, ubao unaiona? Kisha amwachie muda wa kulijibu kwa ushahidi. Jibu litakapopatikana, ndipo waende dukani pamoja, wakiwa na risiti mkononi na salamu mdomoni. Wabillahi tawfiq.